Mistari Sita

Machi 9

Leo nimewaua wadogo wa mifuko kumi, kisha nimekaa nikanywa chai.

Daftari hili nilipewa kazini, la kuandikia joto la pipa la mvuke. Baadaye pipa likafungwa kipimo kinachojiandika chenyewe, daftari likabaki kwangu na kurasa tupu zaidi ya nusu. Sikufikiria kama nitakuja kuliandikia jambo lingine. Lakini leo kuna kitu kimenikaa kooni na sina wa kumwambia. Shule sikufika mbali, kwa hiyo nitaandika ninavyosema.

Kazi yangu ni hii. Kituo chetu kinafuga bakteria wa udongo. Shambani fosforasi ipo, tena nyingi, ila imeng'ang'aniana na udongo kama chakula kilichofungiwa kabatini na ufunguo haujulikani uko wapi. Mmea unalala njaa juu ya chakula. Hawa bakteria wanatoa uchachu kidogo kidogo, uchachu unalegeza, mzizi unakula. Ndivyo alivyonieleza mkuu wetu, mtaalamu wa kike tunayemwita Mama Darubini, maana akishaiinamia darubini yake hata ukimwambia paa linaanguka atakwambia subiri. Bakteria wenyewe tunawaita wadogo.

Kwanza najaza unga wa mboji kwenye mifuko. Mifuko inaingia kwenye pipa la mvuke, inapikwa mpaka hakuna kilicho hai ndani yake. Ikipoa, nachoma sindano, nawaingiza wadogo pamoja na supu yao, naziba kitundu kwa utepe, halafu mfuko unalala wiki mbili kwenye chumba cha giza wanazaana. Mfuko uliopikwa tu hauna alama. Mfuko wenye wadogo unapigwa nukta ya wino wa bluu. Kwa sababu ya hilo pipa hapa kituoni wote wananiita Mpishi.

Wiki mbili zilizopita kalamu ya bluu iliisha wino nikiwa nimebakiza mifuko kumi. Stoo iko hatua arobaini kutoka mezani kwangu. Nikasema aa, nitakumbuka.

Sikukumbuka. Leo asubuhi nimekuta mifuko kumi haina nukta, nikadhani haijaingizwa wadogo na imekaa sana, nikairudisha kwenye pipa ipikwe upya pamoja na mingine. Nilipoitoa nikashika mmoja, kidole kikagusa utepe. Utepe ulikuwa umejikunja kwa joto kama ukucha.

Nilisimama nao mkononi muda mrefu. Ulikuwa na joto zuri, kama mkate, kama tumbo la mtu aliyelala. Nikauweka sikioni. Najua hata walio hai hawasikiki. Lakini kimya hiki kilikuwa kingine.

Machi 10

Nimechukua kalamu mpya stoo. Nimepiga nukta kumi za bluu.

Machi 12

Mifuko ya msimu huu ilishahesabiwa, kila mkulima na sanduku lake. Kumi ikikosekana, Mama Darubini ataniuliza, na mimi nitajibu nini. Kwa hiyo lazima mtu mmoja apate iliyokufa.

Nimeyapitia majina kwenye masanduku. Kuna yule mwalimu mstaafu anayepima kila kitu na kuandika barua. Kuna mwenyekiti wa ushirika ambaye sauti yake inafika kabla yake. Kuna dada yangu.

Dada yangu mkubwa analima shamba alilotuachia baba, mistari sitini ya mahindi, na ndilo linalotulisha sote wawili. Kila mavuno ananipa magunia matatu hata nisipomwomba. Kila mwaka anatia mbolea ya ushirika. Mwaka huu mimi ndiye niliyemwambia aache, nitamletea kitu cha kazini kwetu, atashangaa. Akasema, sawa mdogo wangu. Siku ya kujiandikisha mbolea ikapita, hakwenda.

Mifuko iliyokufa nimeiweka kwenye sanduku lake.

Naandika sababu, maana hili ndilo linaloniogopesha kuliko hata kule kuwapika. Sikumchagua kwa kukosea. Nilimchagua kwa sababu halalamiki. Tulipokuwa watoto nilimgonga nikikimbia, nikamwaga ndoo yote aliyobeba kichwani. Alijipangusa uso, akaokota ndoo, akarudi kisimani. Hakusema neno, hata nyumbani. Nilikuwa na miaka saba na nilijifunza siku ile kwamba dada ni mtu wa kumwagiwa.

Mama Darubini huwa anapima mfuko mmoja kutoka kila sanduku. Alipofika kwenye sanduku la dada nikampa mfuko wa sanduku jingine. Alisema asante Mpishi bila kuinua macho.

Machi 14

Nimemsaidia dada kupanda.

Niliwahi kumwambia masharti: uwafungulie kivulini, jua likiwapiga wanakufa, mbegu uziloweshe kwanza na maji ya sukari ili wadogo wapate kushika, upande siku hiyo hiyo. Nilimwambia haya mwezi uliopita, wakati bado naona raha kuwa mtu anayejua kitu. Yeye ameyashika yote.

Alikuwa ametandika mkeka upande wa nyuma wa nyumba ambako jua halifiki. Ameosha beseni mara mbili. Alipofungua mfuko wa kwanza alinusa akasema una harufu ya mvua. Akachanganya kwa mkono taratibu, mbegu zikawa nyeusi zote, zinang'aa. Kila tulipokwenda mstari mpya alilifunika beseni kwa shuka lake, lile la maua alilokuwa akijitanda.

Akaniuliza wako wangapi humo. Nikamwambia kwenye kijiko kimoja ni zaidi ya watu wote duniani.

"Basi tusiwapigie kelele," akasema. Na kweli alianza kuongea kwa sauti ya chini, na mimi nikajikuta naongea kwa sauti ya chini, tukapanda mistari sitini tukinong'onezana kama watu walio katika nyumba ya mzazi mpya. Nilitaka kusema. Kila mstari ulipoisha nilisema mwisho wa mstari unaofuata.

Machi 15

Mvua, tangu alfajiri. Nyepesi, ya kudumu. Ingekuwa nzuri kwao.

Machi 22

Yameota. Dada amesema hajawahi kuona yakiota pamoja hivi. Mbegu huota kwa chakula chake yenyewe, siku kumi za kwanza haimhitaji mtu. Sikumwambia.

Machi 29

Mvua. Pipa limevuja, nimebadilisha mpira wa mfuniko.

Aprili 2

Nimepita kwa dada kabla ya kazi. Kulikuwa na ukungu hadi magotini, na mahindi yamesimama ndani yake kama watu wanaosubiri kuitwa. Kingo za majani ni zambarau.

Sijawahi kuona zambarau nzuri namna ile. Imeanzia kwenye ncha ikashuka pembeni, laini, kama wino ulioingia kwenye karatasi mbichi, na kila jani limebeba tone la maji lenye zambarau yake ndani. Nilisimama nikisahau kidogo ni nini ninachokiangalia. Ni njaa. Hindi likikosa fosforasi linageuka hivyo.

Dada akatoka na kikombe chake. Akauliza ni ugonjwa? Nikasema ni baridi. Na kweli baridi nayo huleta zambarau, huo si uongo, ila nilivyousema mimi ulikuwa uongo.

Aprili 4

Dada ameuliza tena. Nikasema baridi.

Aprili 5

Jua kali siku nzima. Nikasema baridi ya asubuhi.

Aprili 8

Baada ya chakula cha mchana nililala kwenye benchi lililo nyuma ya pipa, ambako ukuta huwa na joto. Nikaota niko chini ya shamba. Kulikuwa na korido ndefu kama ya kituo chetu, milango pande zote mbili, yote imefungwa. Mbele ya kila mlango ameketi mtu mdogo, mgongo ukutani, ufunguo umelala mapajani pake, na wote macho yao yamefumba. Nilijua wakiamka watafungua. Mbali mwisho wa korido alikuwa dada na lile shuka la maua. Anasukuma mlango huu, haufunguki, anakwenda unaofuata. Haniulizi kitu. Anasukuma tu, anapita, anasukuma. Nikataka kumwambia acha, nikakuta mdomoni mwangu kuna utepe.

Mlinzi wa getini ndiye aliyeniamsha. Akasema Mpishi, umelala kama umekula ulichopika.

Hakujua alichosema. Nilicheka, nikaenda bombani nikaweka kichwa chote chini ya maji.

Aprili 9

Nimefanya jambo, ila nusu.

Nilikuwa na dumu moja la supu iliyobaki, wadogo wazima kabisa, walikuwa wanakwenda kumwagwa. Miche ikiwa bado midogo mtu anaweza kuwamimina kwenye shina, inasaidia. Alfajiri nikalibeba mpaka kwa dada. Ukungu tena. Nikaanza mistari ya upande wa njia, kikombe kimoja kwa kila mashina manne, nimeinama, naomba radhi kimoyomoyo, sijui kwa mahindi au kwa nani. Katikati ya udongo na ukungu nilikuwa na furaha. Nilijiona kama mtu anayerudisha vitu kimya kimya kabatini kabla wenyewe hawajaamka.

Nilipomaliza mstari wa sita nikasikia komeo la mlango wa dada. Nikaacha. Dumu lilikuwa bado na zaidi ya nusu. Nikalificha mtaroni, nikasimama njiani na mikono mfukoni.

Akasema, umewahi leo. Nikasema nilikuwa napita. Akaniangalia magoti, yalikuwa na matope. Akaniuliza kama nitakunywa chai.

Jioni niliporudi kulichukua lile dumu, jua lilikuwa limelipiga siku nzima. Limevimba, linanuka. Hao nao nimewapika.

Aprili 10

Kituo kimenipeleka kugawa masanduku kwa wakulima wa mbali, wanaopanda kwa kuchelewa. Nitarudi mwisho wa mwezi. Nimefurahi kuondoka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Aprili 17

Barabara imekatika. Tumelala kwenye darasa la shule moja, masanduku juu ya madawati. Ubao ulikuwa na hesabu ambazo hazijamaliziwa.

Aprili 26

Mashamba ya watu yote ni kijani.

Mei 4

Nimerudi. Nimekwenda kwa dada.

Sikuhitaji kuingia shambani, nimeyaona nikiwa njiani. Mistari sita ya kwanza ni kijani kizito, imenifika kifuani, majani mapana yanasuguana yakitoa sauti ya mtu anayepekua karatasi. Halafu, kama mtu amepiga mstari kwa rula, yanaanza mengine. Yananifika juu ya goti. Membamba, zambarau, hayatoi sauti yoyote. Hamsini na nne. Nimesimama pale mpakani, bega moja kivulini, bega moja juani.

Dada alikuwa anapalilia. Ameinuka, akashika kiuno.

"Mdogo wangu, hii mistari sita imekula nini?"

Nimesema labda zamani baba alikuwa na zizi upande ule. Amefikiri. Ameinama akaendelea kupalilia. Halafu, bila kuniangalia, akasema zizi la baba lilikuwa kule nyuma ya nyumba, sisi wawili ndio tulikuwa tunalisafisha.

Jembe lake lilikuwa na mlio ule ule, wala halikuongeza kasi.

Mei 6

Sijalala vizuri.

Mei 7

Mlinzi anasema nimekonda, anauliza kama pipa limenigeuka. Nikamwambia ni baridi.

Mei 12

Leo ni siku ndefu, nitaandika polepole.

Mama Darubini huzunguka mashamba kila msimu mahindi yakianza kuchanua. Kwa dada nilijua atafika, nilikuwa nimepanga kuumwa siku hiyo. Lakini asubuhi amenikuta getini akasema panda, twende kwa dada yako, utanibebea jembe.

Gari halijasimama sawasawa alikuwa ameshashuka. Ameiona ile mistari. Akaingia mpakani pale, akachuchumaa, akanyoosha mkono mimi nikampa jembe. Akang'oa shina moja la kijani, akang'oa na moja la zambarau, akaikung'uta mizizi, akailaza kwenye gazeti. Lile la kijani lilikuwa na mizizi kama ndevu. Lile jingine kama uzi. Dada alikuwa amekuja akasimama nyuma yetu, mikono ina unga, maana alikuwa jikoni.

Mama Darubini akahesabu mistari kwa kidole. Akanigeukia. Sijawahi kumwona ana uso ule, amekuwa kama msichana.

"Mpishi, ni wewe uliyelipanga jaribio hili?"

Hakusubiri jibu.

"Sita na wadogo, hamsini na nne bila. Miaka yote nawaomba wakulima waniachie kipande bila, nilinganishe, wananikatalia. Wewe umefanya na hukuniambia hata neno."

Akaendelea. Alisema atawaleta wakulima wote hapa, wasimame pale mpakani waone kwa macho yao. Alisema atapiga picha. Alisema jina langu litaandikwa kwenye ripoti, la kwangu, karibu na lake, na kwamba siku zote alijua mimi si mtu wa pipa tu.

Sasa niseme ukweli wangu. Nilisikia utamu. Ulinipita mwilini kama joto la chai. Nilikuwa na mlango wazi mbele yangu, napita tu, natoka upande wa pili nikiwa mtu mwerevu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Na kunyamaza ndiko ninakokujua.

Dada ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kama ile ya siku ya kupanda.

"Bila? Kwa hiyo shamba langu ndilo la bila?"

Hakuwa anamuuliza Mama Darubini. Alikuwa ananitazama mimi, na nikaona anaanza kuelewa kitu kibaya, lakini kibaya kisicho chenyewe. Alikuwa anafikiri nimemtumia kwa makusudi ili nipate sifa. Na hata hilo angelimeza. Nililiona likishuka kooni kwake. Alikuwa tayari ameshageuka nusu kurudi jikoni, kama alivyogeuka na ile ndoo.

Nikasema, "Dada, simama."

Nikasema yote. Kalamu, hatua arobaini, utepe uliojikunja. Nukta kumi nilizopiga baadaye. Nikamwambia Mama Darubini mfuko aliopima haukuwa wa sanduku hili. Nikawaambia kuhusu dumu na ukungu na magoti yangu, na kwamba hakuna jaribio, hakuna aliyepanga kitu, ni mwizi tu aliyekuwa anarudisha akasikia mlango. Nilisema nikiangalia ile mizizi kwenye gazeti.

Mama Darubini alivua miwani. Alikaa hivyo, miwani mkononi, anaangalia mbali, na bila miwani alikuwa mtu mzima aliyechoka.

Dada akasema, "Kulikuwa na masanduku mengi. Kwa nini langu?"

Nikamwambia. "Kwa sababu hulalamiki."

Upepo ukapita, ile mistari sita ikapekua karatasi zake. Dada akachuma jani moja la zambarau, akalipangusa kwa kidole gumba chenye unga, taratibu, kama rangi ingetoka. Haikutoka.

"Niliwafunika na shuka langu," akasema. "Jua lisiwapige. Nikawanong'oneza. Kumbe nanong'oneza maiti."

Akaingia ndani. Hakuupiga mlango. Aliufunga kama anavyoufunga siku zote.

Tulipofika getini Mama Darubini akasema pipa silishiki tena, nitaosha vyombo vya kioo mpaka atakaponiambia. Na niende sasa hivi kwenye kitabu cha kazi, tarehe tisa Machi, niandike kilichotokea kwa mkono wangu, kwa wino wa bluu. Nimeandika.

Mei 14

Mama Darubini amenipa madumu sita ya supu. Amesema imechelewa, haitarudisha kilichopotea, lakini mimina.

Mei 20

Nimemaliza mstari wa hamsini na nne. Nilikuwa naenda kila alfajiri kabla ya kazi, kikombe kimoja kwa mashina manne. Pazia la dada lilikuwa linasogea. Mlango haukufunguliwa.

Mei 31

Mvua zimeanza kupungua. Naosha vyombo. Nimejua kwamba kioo kikiwa safi kabisa maji hayafanyi matone, yanateleza yote pamoja.

Juni 8

Nimeenda kumsalimia dada. Amejibu salamu. Basi.

Juni 9

Vivyo hivyo.

Juni 15

Vivyo hivyo. Mistari ya zambarau imepata kijani kidogo katikati ya majani. Kidogo. Vigunzi ni kama vidole.

Juni 27

Dada amekuja kituoni.

Nilikuwa kwenye karo, povu hadi kwenye viwiko. Mlinzi akaja kunong'ona, Mpishi, dada yako yuko getini, amevaa viatu vya safari, nimwambie upo au umekufa? Nikamwambia nipo. Lakini hakuwa amenifuata mimi. Alimwomba Mama Darubini amwonyeshe hao wadogo, kwa sababu amewasikia msimu mzima hajawahi kuwaona.

Mama Darubini akamleta chumba cha sahani. Mimi nilibaki mlangoni na taulo. Tuna sahani ndogo za kioo ambazo ndani yake tunagandisha kitu cheupe, chenye ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji. Ule weupe ndio fosforasi iliyofungwa. Wadogo wakipandwa juu yake, siku ya tano kila kundi linakuwa nukta, na kuizunguka nukta kuna duara safi, angavu, ambapo ukungu wote umeliwa. Ukiinua sahani dirishani unaona nje kupitia yale maduara: tawi, waya, kipande cha anga.

Dada akaiinua. Akakaa nayo hapo dirishani muda mrefu mno, duara la nuru limemdondokea shavuni. Akasema ni kama mtu amepumulia kioo halafu akafuta kwa kidole ili achungulie.

Halafu akauliza, "Na wangu?"

Mama Darubini alikuwa ameshawapanda, kumbe. Alichukua unga uliobaki kwenye mfuko mmoja tulioukuta kwa dada. Akatoa sahani ile, akampa. Nyeupe mwanzo mpaka mwisho. Dada akaiinua dirishani vile vile. Hakuna kilichoonekana upande wa pili.

Alizirudisha zote mbili mezani, sawasawa, kando kwa kando. Mimi nikamwekea chai, nikamletea kiti. Alikunywa nusu. Akaweka kikombe chini, akaniangalia mimi, mara ya kwanza tangu ile siku.

"Chai yenu haina sukari," akasema. "Na kiti hiki kinayumba. Mgeni hapewi kiti cha namna hii."

Nilikimbia kutafuta sukari. Nimeandika maneno yake hapa jinsi alivyoyasema, ili nisije nikayapunguza.

Julai 6

Dada amesema nimechelewa.

Julai 13

Dada amesema nimewahi mno, amekatizwa usingizi.

Julai 25

Mahindi yanakauka. Sasa yote ni rangi moja, ya majani makavu. Ukiwa mbali huwezi kujua ni ipi ilikuwa zambarau. Ukikaribia unajua.

Agosti 6

Tumevuna siku mbili. Kila mwaka huwa magunia kumi na tano. Mwaka huu ni saba na nusu. Ile mistari sita peke yake imetoa gunia na nusu, na hayo magunia sita mengine ndiyo yaliyotoka kwenye hamsini na nne. Dada amepima kwa jicho stoo ilivyo na nafasi. Amesema yatamfikisha miezi saba, akijibana. Nimemwambia mimi yangu matatu siyataki, na kwamba miezi inayobaki chakula kitatoka kwangu. Amesema anajua, wala hakuwa anauliza.

Siku zote mbili amelalamika. Navunja vigunzi kama navunja vijiti. Narusha badala ya kuweka. Nimeacha hindi zima kwenye mstari wa ishirini, haoni aibu mtu mwenye macho mawili. Nimefunga mdomo wa gunia kama kamba ya kiatu cha mtoto. Nikinyamaza anasema nimenyamaza nini. Mwanzo sauti yake ilikuwa na kutu, kama kitu kilichotolewa chini ya kitanda baada ya miaka. Jioni ya leo ilikuwa imeshapata mwendo, jirani amechungulia juu ya ua kuuliza kuna nini.

"Kuna mdogo wangu," dada akamwambia. "Ndicho kilichopo."

Tulipomaliza alinipa kikapu cha mahindi ya ile mistari ya zambarau, yale madogo kabisa, punje mbili hapa punje tatu pale. Akasema niyapeleke nyumbani, ni ya kupukuchua moja moja, nitakuwa napata muda wa kufikiri.

Lile nusu gunia la mistari sita amelitenga. Hilo ni la mbegu. Amelisimamisha kwenye kona isiyofikiwa na jua, juu ya vipande vya mbao, halifiki chini wala haligusi ukuta. Akasema, litie alama, lisije likachanganywa na ya kula.

Kalamu ya bluu siku hizi naivaa shingoni na uzi. Nikapiga magoti, nikapiga nukta kwenye kitambaa cha gunia. Dada akainama nyuma yangu, akaangalia.

"Ndogo," akasema. "Haionekani. Rudia."

Nikarudia.